Majaji wa Usiku wa Manane: Uteuzi wa Mwisho wa Rais John Adams na Swali la Vitenzi

Utangulizi

Katika vitabu vya historia na sheria vinavyoizungumzia Marekani kuna kundi la watu wanaoitwa "majaji wa usiku wa manane". Jina hili huwatatiza wanafunzi wetu wa tafsiri. Je, hawa walikuwa majaji waliosikiliza kesi usiku? Au waliteuliwa gizani, kwa siri, pasipo mtu kujua? Ukweli ni kwamba walikuwa watu walioteuliwa na Rais John Adams katika wiki za mwisho za utawala wake, mapema mwaka 1801, baada ya kushindwa katika uchaguzi na kabla ya kumwachia kiti mpinzani wake, Thomas Jefferson.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yanaeleza kisa chenyewe kwa Kiswahili, kwa kuwa maelezo yake katika lugha yetu ni machache. Pili, yanajaribu kuonyesha kwamba kesi iliyozaliwa na kisa hicho, yaani kesi ya William Marbury dhidi ya James Madison ya mwaka 1803, kwa kiasi kikubwa ilikuwa kesi ya lugha. Swali lililobishaniwa lilikuwa hili: ni kitenzi kipi kinachokamilisha uteuzi? Mtu huwa na cheo pale anapoteuliwa, anapothibitishwa, hati yake inapotiwa sahihi, inapopigwa muhuri, au anapokabidhiwa mkononi? Swali la namna hiyo liliwahi kuzuka pia kwa jirani zetu wa Kenya kati ya mwaka 2019 na 2022, na tutaligusa kabla ya kumaliza.

Uchaguzi wa mwaka 1800

John Adams alikuwa rais wa pili wa Marekani, akiwa amempokea George Washington mwaka 1797. Chama chake kilikuwa cha Wafederalisti, ambao walipendelea serikali kuu yenye nguvu. Upande wa pili walikuwa Warepublikani wa Thomas Jefferson, ambao waliihofu serikali kuu na kutetea mamlaka ya majimbo. (Msomaji asikichanganye chama hicho na chama cha Republican cha leo, ambacho kilianzishwa mwaka 1854.) Kwa kanuni za wakati ule, aliyeshika nafasi ya pili katika uchaguzi wa urais ndiye aliyekuwa Makamu wa Rais. Kwa hiyo Jefferson, mpinzani mkubwa wa Adams, alikuwa pia makamu wake. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Hawa walikaa zizi moja kwa miaka minne.

Katika uchaguzi wa mwaka 1800 Adams alipata kura 65 za wajumbe wa uchaguzi. Jefferson alipata 73. Lakini mgombea mwenza wake, Aaron Burr, naye alipata 73, kwa sababu kila mjumbe alipiga kura mbili bila kutofautisha kura ya rais na ya makamu. Sare hiyo ilipelekwa katika Baraza la Wawakilishi, ambalo lilipiga kura mara 36 kabla ya kumchagua Jefferson tarehe 17 Februari 1801. Wafederalisti walishindwa pia katika uchaguzi wa Bunge.

Hata hivyo, kushindwa si kuondoka. Kwa mujibu wa utaratibu wa wakati huo, rais mpya alikuwa aapishwe tarehe 4 Machi. Mpaka siku hiyo Adams alibaki kuwa rais kamili, na Bunge la zamani, lililokuwa na Wafederalisti wengi, lilibaki kuwa Bunge kamili. Mihimili miwili ya dola ilikuwa inawaponyoka. Uliosalia ni mhimili wa mahakama, ambako majaji hukaa kazini maadamu wana mwenendo mwema, yaani aghalabu kwa maisha yao yote. Wafederalisti wakaelekeza macho yao huko.

Jaji Mkuu mpya na sheria mpya

Nafasi ya kwanza ilijitokeza yenyewe. Jaji Mkuu Oliver Ellsworth, ambaye alikuwa ametumwa Ufaransa kwa shughuli za kidiplomasia na huko akaugua, alijiuzulu, na habari hizo zikamfikia Adams mwezi Desemba 1800. Adams alimteua John Jay, aliyewahi kuishika kazi hiyo hapo awali, lakini Jay akakataa. Ndipo Adams alipomgeukia Waziri wake wa Mambo ya Nje, John Marshall wa Virginia. Seneti ilimthibitisha Marshall tarehe 27 Januari 1801, naye akaapishwa tarehe 4 Februari.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba Marshall hakuacha uwaziri mara moja. Kwa muda wa mwezi mmoja mtu huyohuyo alikuwa Jaji Mkuu na tena Waziri wa Mambo ya Nje. Waziri wa Mambo ya Nje ndiye aliyetunza muhuri mkuu wa nchi na kushughulikia hati za uteuzi. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa maana ndilo kiini cha kioja kitakachofuata.

Tarehe 13 Februari 1801 Bunge lilipitisha Sheria ya Mahakama. Sheria hiyo ilianzisha nafasi mpya 16 za majaji wa mahakama za mzunguko. Aidha, iliagiza kwamba idadi ya majaji wa Mahakama ya Juu ipunguzwe kutoka sita hadi watano nafasi itakapokuwa wazi. Warepublikani walielewa maana yake upesi: Jefferson anyimwe nafasi ya kumteua jaji wa kwanza atakayehitajika.

Pamoja na hayo, si haki kuihukumu sheria ile kwa jicho moja. Kabla yake, majaji wa Mahakama ya Juu walilazimika kusafiri kwa farasi na kwa magari ya kukokotwa, katika barabara mbovu, ili kuendesha kesi za mzunguko mbali na mji mkuu. Tena jaji aliweza kusikiliza kesi katika mzunguko, kisha akaketi Mahakama ya Juu kusikiliza rufaa ya kesi hiyohiyo. Kuwaajiri majaji wa pekee kwa ajili ya mizunguko kulikuwa dawa ya maradhi ya kweli. Lililoleta shaka lilikuwa saa iliyochaguliwa kuinywa dawa hiyo.

Tarehe 27 Februari 1801, zikiwa zimesalia siku chache tu, ikapita sheria nyingine ya kupanga utawala wa wilaya ya mji mkuu mpya, Washington. Sheria hii ilianzisha mahakama ya mzunguko yenye majaji watatu, pamoja na nafasi za walinzi wa amani kwa idadi ambayo rais angeona inafaa. Mlinzi wa amani alikuwa ofisa wa ngazi ya chini aliyeshughulikia madai madogo na makosa madogo, kwa kipindi cha miaka mitano. Tarehe 2 Machi Adams alipeleka Seneti majina 42: 23 kwa ajili ya upande wa Washington na 19 kwa upande wa Alexandria. Seneti iliyathibitisha tarehe 3 Machi, siku ya mwisho.

Miongoni mwa majaji wa mahakama hiyo mpya ya wilaya walikuwamo James Marshall, ndugu yake John Marshall, na William Cranch, mtoto wa dada yake Abigail, mkewe Adams. Hapo ndipo wapinzani walipopata la kusema. Hata hivyo Cranch hakuwa jaji wa kubahatisha. Alikaa katika kiti hicho hadi alipofariki mwaka 1855.

Hati zilizobaki ofisini

Baada ya Seneti kuthibitisha majina, hatua zilizobaki zilikuwa za karatasi. Rais alitia sahihi hati za uteuzi, Marshall akazipiga muhuri mkuu, kisha zikatakiwa kupelekwa kwa wenyewe. James Marshall alichukua baadhi ya hati za walinzi wa amani wa Alexandria ili akazigawe, lakini akaona hawezi kuzibeba zote, akazirudisha nyingine. Usiku ukaingia. Alfajiri ya tarehe 4 Machi Adams aliondoka Washington bila kumsubiri mrithi wake aapishwe. Saa chache baadaye Jefferson alikula kiapo, na aliyemwapisha ni John Marshall yuleyule.

Serikali mpya ilipoingia ofisini ilikuta hati ambazo hazijapelekwa. Jefferson akaagiza zisipelekwe. Baadaye alipunguza idadi ya walinzi wa amani hadi 30 na kufanya uteuzi wake mwenyewe. Inafaa kusisitiza kwamba wengi wa aliowateua walikuwa walewale waliopendekezwa na Adams. Hakukuwa na fyagio la kufagia wote. Lakini baadhi waliachwa nje, na mmoja wao alikuwa mfanyabiashara wa Georgetown aliyekiunga mkono chama cha Adams, jina lake William Marbury.

Kwa nini Marshall, mtu makini, aliacha hati nyuma? Mwezi huohuo wa Machi alimweleza nduguye kwa barua kwamba kulikuwa na haraka na upungufu wa watu ofisini. Aliongeza sababu ya pili iliyo muhimu zaidi kwetu: kwa maoni yake, hati iliyokwisha kutiwa sahihi na kupigwa muhuri ilikuwa imekamilika, hata kama haijatoka mlangoni. Jefferson kwa upande wake alishikilia, hata miaka kadhaa baadaye, kwamba hati ni kama hati ya mali: isipokabidhiwa haina nguvu. Watu hawa wawili, ambao kwa nasaba walikuwa ndugu wa mbali wa Virginia, walitofautiana juu ya kitenzi kimoja.

Kesi ya Marbury

Mwezi Desemba 1801 Marbury na wenzake watatu walifungua kesi. Waliomba Mahakama ya Juu imwamuru Waziri mpya wa Mambo ya Nje, James Madison, awape hati zao. Wakili wao alikuwa Charles Lee, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu katika serikali ya Adams. Amri waliyoiomba huitwa kwa Kilatini mandamus, maana yake "tunaamuru". Ni amri ya mahakama inayomtaka mtumishi wa umma atimize wajibu ambao sheria imemwekea.

Wakati kesi ikisubiri, Bunge jipya la Warepublikani lilijibu mapigo. Tarehe 8 Machi 1802 lilifuta Sheria ya Mahakama ya mwaka 1801, na wale majaji 16 wa mizunguko wakabaki na vyeo visivyo na mahakama. Kisha Bunge likabadilisha ratiba ya vikao, hata Mahakama ya Juu haikuketi tena hadi Februari 1803. Kwa miezi 14 mahakama ya juu kabisa ya nchi ilikuwa imefungiwa mlango na sheria ya Bunge.

Marshall alikuwa katika njia panda. Iwapo angemwamuru Madison atoe hati, serikali ya Jefferson ingeipuuza amri, na dunia yote ingeona kwamba mahakama haina meno. Iwapo angeikataa kesi kimyakimya, ingeonekana ameogopa. Isitoshe, yeye mwenyewe ndiye aliyepiga muhuri hati zile na kuziacha nyuma, na nduguye alitoa ushahidi wa kiapo juu ya hati alizozirudisha. Kwa vigezo vya leo Marshall angetarajiwa kujiondoa katika kesi. Hakujiondoa.

Tarehe 24 Februari 1803 alisoma hukumu kwa niaba ya majaji wenzake. Aliigawa katika maswali matatu. La kwanza: je, Marbury ana haki ya kupata hati? Jibu: ndiyo, uteuzi ulikamilika. La pili: je, sheria ya nchi inampa njia ya kudai haki iliyovunjwa? Jibu: ndiyo, kwa kuwa serikali inayofuata sheria haiwezi kumwacha raia na haki isiyo na dawa. La tatu: je, dawa hiyo inatolewa na Mahakama ya Juu? Hapa Marshall akageuka. Alisema kwamba kifungu cha 13 cha Sheria ya Mahakama ya mwaka 1789, kama alivyokisoma yeye, kiliiruhusu Mahakama ya Juu kuzipokea kesi za namna hii moja kwa moja bila kupitia rufaa. Lakini Katiba imetaja kesi chache tu zinazoweza kuanzia katika mahakama hiyo, na hii haimo. Sheria ya Bunge ikipingana na Katiba, Katiba ndiyo hushinda, na ni kazi ya mahakama kusema sheria ni ipi. Kwa hiyo kifungu kile ni batili, na Marbury hawezi kupewa amri aliyoiomba.

Wapo wataalamu wanaosema kwamba kifungu kile kingeweza kusomwa kwa namna nyingine isiyopingana na Katiba. Iwe iwavyo, matokeo yalikuwa ya ajabu. Marbury alishindwa na hakuupata ulinzi wa amani. Jefferson alishinda kesi, na kwa hiyo hakuwa na amri ya kuikaidi. Mahakama ilikataa mamlaka madogo, na katika kuyakataa ikajipatia mamlaka makubwa zaidi: uwezo wa kutangaza kwamba sheria ya Bunge ni batili. Ilipita zaidi ya miaka hamsini, hadi mwaka 1857 katika kesi ya Dred Scott, kabla Mahakama ya Juu haijabatilisha tena sheria ya Bunge la taifa.

Waliolipa gharama walikuwa wale majaji 16. Tarehe 2 Machi 1803, siku sita tu baada ya hukumu ya Marbury, Mahakama hiyohiyo iliamua katika kesi ya Stuart dhidi ya Laird kuikubali hatua ya Bunge ya kuifuta sheria ya mwaka 1801. Swali zito, kama jaji anayelindwa na Katiba anaweza kuondolewa kwa kuifuta mahakama yake, halikujibiwa. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

Vitenzi vitano

Tukiitazama hukumu hii kwa jicho la mwalimu wa lugha, tunaona kwamba sehemu yake ya kwanza ni somo la vitenzi. Vipo vitano, navyo vinafuatana kama ngazi.

Cha kwanza ni kupendekeza: rais anapeleka jina Seneti. Cha pili ni kuthibitisha, kazi ya Seneti. Cha tatu ni kutia sahihi, ambapo rais anafanya uteuzi wenyewe kwa mkono wake. Cha nne ni kupiga muhuri, kazi ya waziri. Cha tano ni kukabidhi.

Marshall alisema kwamba kitendo cha mwisho cha rais ni kutia sahihi. Akishaweka kalamu chini, uamuzi wake umetimia. Muhuri unashuhudia tu kwamba sahihi ni ya kweli, na kukabidhi ni huduma ya karani. Kwa kuwa cheo kile kilikuwa cha miaka mitano na rais hakuwa na uwezo wa kumwondoa mwenye nacho apendavyo, haki ilikwisha kumwingia Marbury.

Kwa Kiswahili tofauti hii inaweza kuonyeshwa vizuri kwa viambishi vya njeo na hali. Linganisha sentensi hizi: "Marbury anateuliwa", "Marbury ameteuliwa", "Marbury amekwisha kuteuliwa". Jefferson aliiona hati iliyo mezani kuwa ni tendo lingali likiendelea. Marshall aliiona kuwa ni tendo timilifu ambalo matokeo yake yanadumu. Kiambishi -me- ndicho kilichobeba kesi nzima. Mwalimu yeyote aliyewahi kusubiri barua ya kupandishwa cheo, huku akiambiwa kwamba "imeshatoka ila haijafika", anaielewa hoja hii bila kufundishwa.

Jina na tafsiri yake

Turudi sasa katika jina. Wapinzani wa Adams ndio waliolieneza, nalo lilikuwa silaha. Ilisimuliwa kwamba Adams alikesha akitia sahihi hadi saa ya mwisho, na kwamba mjumbe wa Jefferson aliingia ofisini kwa Marshall akiwa na saa mkononi kumsimamisha kalamu. Masimulizi hayo yana utamu wa ngano kuliko uzito wa ushahidi. Majina mengi ya majaji wa mizunguko yalikwisha kupelekwa Seneti kabla ya siku ya mwisho, nayo yalijadiliwa mchana kweupe. Walinzi wa amani ndio waliofanana zaidi na jina lenyewe.

Tafsiri ya Kiswahili inaongeza chumvi nyingine. Kwa saa zetu, katikati ya usiku ni saa sita. Usemi "usiku wa manane" unampeleka msikilizaji mbele zaidi, kwenye saa nane, wakati ambapo watu wema wamelala na walio macho ni wezi na wachawi. Jina la asili linataja mpaka wa siku, saa ambayo muda wa Adams ulihesabiwa kuwa umekwisha. Jina letu linataja giza. Mfasiri anayeandika "majaji wa usiku wa manane" hajakosea, kwani jina lilikusudiwa kuuma, lakini ajue kwamba la kwetu linauma zaidi. Anayetaka lugha isiyo na upande anaweza kusema "majaji wa dakika za mwisho". Na wasomaji wa kurasa za michezo watakubali kwamba "uteuzi wa lala salama" unaieleza hali yenyewe vizuri sana, ingawa haufai katika kitabu cha sheria.

Kuna istilahi nyingine za kuangaliwa. Mahakama iliyoamua kesi hii ni Mahakama ya Juu. Tukiiita "Mahakama Kuu" tutamchanganya msomaji wa Kenya na Tanzania, ambako jina hilo ni la mahakama ya ngazi nyingine. Kadhalika, Marbury hakuwa jaji wala hakimu. Jina "mlinzi wa amani", ambalo hutumika katika mahakama za Tanzania, linamfaa zaidi. Na rais aliyeshindwa ambaye bado yumo ofisini, Wamarekani siku hizi humpa jina la bata mlemavu. Tukilitafsiri neno kwa neno msomaji atadhani tunazungumzia ufugaji. "Rais anayeondoka" linatosha.

Jirani zetu wa Kenya

Mwezi Julai 2019 Tume ya Huduma za Mahakama nchini Kenya ilipendekeza majina 41 ya watu wa kuteuliwa kuwa majaji. Rais Uhuru Kenyatta hakuwateua kwa muda mrefu. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba Katiba ya mwaka 2010 haimpi rais hiari ya kuchagua awatakao kati ya waliopendekezwa. Mwezi Juni 2021 aliwateua 34 na kuwaacha sita. Tarehe 13 Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kuwateua wale sita, nao wakaapishwa kesho yake.

Ni kisa cha Marbury kilichogeuzwa kama nguo ndani nje. Mwaka 1801 rais aliyeondoka aliharakisha na aliyeingia akazuia. Kenya aliyeondoka alizuia na aliyeingia akaharakisha. Na hapa pia lugha ilikuwa kitovu cha ugomvi. Katiba inasema Rais "atateua" majaji kulingana na mapendekezo ya Tume. Katika mazungumzo ya kawaida kiambishi -ta- huonyesha wakati ujao: atateua, leo au kesho, akipenda. Katika lugha ya sheria -ta- huonyesha wajibu: hana budi kuteua. Mwanafunzi asiyefundishwa tofauti hiyo ataisoma katiba kama utabiri wa hali ya hewa.

Hitimisho

Mwaka 1933 Wamarekani walirekebisha Katiba yao, na siku ya kuapishwa rais ikarudishwa nyuma kutoka Machi hadi tarehe 20 Januari, ili muda wa rais anayeondoka uwe mfupi. Kipindi kilipunguzwa lakini hakikufutwa, na katika kila nchi yenye uchaguzi lipo juma ambalo mwenye kalamu si mwenye kura.

Ambacho kisa cha Adams kinatufundisha sisi wa lugha ni kwamba katika juma kama hilo maneno hulemewa. Watu husoma upya kila kitenzi: ameteua, amethibitisha, amekabidhi. Hapa Uganda, marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2021, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Wahitimu wetu ndio watakaofasiri hati hizo. Siku moja haki ya mtu itategemea kama mfasiri ameandika "anateuliwa" au "ameteuliwa", na siku hiyo hakutakuwa na Marshall wa kumsaidia.

Maswali ya kujadili darasani

1. Toa hoja mbili za kumtetea Jefferson aliyesema kwamba hati isiyokabidhiwa haijakamilika, na mbili za kumtetea Marshall.

2. Tunga sentensi tano kwa kutumia vitenzi vitano vilivyojadiliwa, kisha uonyeshe mtendaji wa kila kitenzi ni nani.

3. Chagua ibara yoyote ya katiba iliyoandikwa kwa Kiswahili. Orodhesha vitenzi vyenye kiambishi -ta-, na ueleze ni vipi vinavyoonyesha wakati ujao na ni vipi vinavyoonyesha wajibu.

4. Pendekeza jina lingine la Kiswahili kwa "majaji wa usiku wa manane", na ueleze linapendelea upande gani katika ugomvi wa mwaka 1801.